Mwongozo wa kupanga safari ya kuvua samaki na kaa koko katika mlango wa mto Lukuledi, Lindi

Maswali ya watu wanaotaka kwenda kuvua na rafiki zao kwa mara ya kwanza hayabadiliki: twende siku gani, tubebe nini, chombo tunakipata wapi, na kaa anashikwaje bila kuacha kidole. Mwongozo huu unayajibu kwa pamoja. Umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeanzia Lindi mjini na kuingia katika hori (vijito vya maji ya chumvi) za mikoko kwenye mlango wa mto Lukuledi, ingawa sehemu kubwa yake itamfaa pia anayekwenda Mikindani au kwingineko Mtwara.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba safari ya namna hii hupangwa kwa kufuata maji, si kwa kufuata siku ya mapumziko. Makundi mengi huchagua Jumamosi kwanza, yakachangishana na kununua vyakula, ndipo mmoja anapouliza maji yatakuwaje. Wakifika hukuta maji yamekupwa kabisa, hori zimebaki matope matupu, na nahodha amekaa kivulini akisubiri.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vya usalama: jaketi okozi moja kwa kila mtu, akiwemo nahodha, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, filimbi mbili, kisanduku cha huduma ya kwanza, chupa ya chai iliyojaa maji ya moto sana (sababu yake utaiona chini), maji ya kunywa yasiyopungua lita 3 kwa kila mtu, kwa kuwa yale ya horini ni ya chumvi, kofia na shati la mikono mirefu.

Vya kuvulia: madema (mitego ya kufumwa) manne hadi sita, au pete za chuma zilizofumwa wavu, kamba imara, madumu matupu ya lita 1 au 3 ya kufanya maboya, mishipi ya nailoni iliyokwisha viringishwa kwenye kibao au chupa, ndoana za akiba, machubwi (vizito vya mshipi), kisu, koleo ya kung'olea ndoana, chambo.

Vya kubebea: magunia mawili ya katani, kamba za ukindu au vipande vya kamba laini vya kufungia magando (makoleo ya kaa), boksi la barafu kwa ajili ya samaki, na ndoo.

Miguuni vaa raba za kufunga kwa kamba. Ndala hazifai hata kidogo, kwa sababu tope la mikoko huzimeza kabla hujapiga hatua ya tatu, na ukibaki peku utakatwa na chaza walioganda kwenye mizizi au kuchomwa na vijiti vya mizizi ya mchu vinavyochomoza ardhini.

Machache kuhusu maji

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani siku chache zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kukauka sana. Katika pwani yetu bamvua hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukauka karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Juma moja baadaye huja maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo tu, na saa zake huwa zimegeuka. Hayo yanatosha kwa kupanga safari.

Hatua kwa hatua

1. *Chagua siku.* Kwa wanaoanza, siku nzuri ni ile ambayo maji yanakauka kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kisha yanajaa hadi mchana. Siku hizo huangukia takriban mwezi 11 hadi 13, na mwezi 26 hadi 28, kwa hesabu ya mwezi wa kuandama. Utatega wakati maji yanaanza kupanda, utavua kwa mshipi yakiendelea kujaa, utaingia na kutoka horini bila kukwama, na utakuwa umerudi kabla ya jua kuzama. Ukishapata siku, ihakikishe kwenye jedwali la maji, kwa kuwa hesabu ya vidole huweza kupishana na bahari kwa muda usio mdogo. Soma saa za jedwali kwa uangalifu: 07:00 ni saa 1 asubuhi, na 13:00 ni saa 7 mchana. Kundi linalosoma 07:00 na kwenda saa 7 mchana limekosea safari nzima, na kosa hili hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Angalia pia kama jedwali limeandikwa kwa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Kumbuka vilevile kwamba kadiri unavyopanda juu ya mto, maji huchelewa kufika kuliko mlangoni.

2. *Angalia majira.* Kipindi cha maleleji, yaani pepo zinapobadilika, hasa Oktoba na Novemba, ndicho chenye utulivu zaidi. Kusi, upepo wa kutoka kusini, hupiga kwa nguvu Juni hadi Agosti. Ndani ya hori hutaisikia sana, lakini sehemu iliyo wazi ya ghuba huweza kuchafuka mchana wakati unarudi. Mvua za kusini huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mto ukishuka na maji mengi ya tope, kaa husogea chini kuelekea maji ya chumvi, hivyo kutega juu ya mto ni kupoteza chambo. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku mbili kabla na tena usiku wa kuamkia safari. Usiseme vimbunga si vyetu: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, na Lindi na Mtwara ziliguswa. Tahadhari ya upepo mkali ikitolewa, safari iahirishwe bila mjadala.

3. *Uliza ruhusa.* Fika ofisi ya uvuvi ya halmashauri ueleze unakwenda wapi, na zana gani, na watu wangapi, ili uambiwe kibali kinachohitajika. Fika pia kwa kikundi cha ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi cha kijiji husika, maarufu kama BMU. Hao ndio wanaojua hori ipi ina mitego ya watu. Anayekwenda Msimbati au Ruvula, upande wa Mtwara, ajue kwamba anaingia katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na yenye taratibu zake za kibali na ada. Huko Ruvuma kwenyewe kuna mamba na viboko, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji; si mahali pa mtu anayejifunza. Kukata mikoko kwa ajili ya kuni za kuchomea samaki hakuruhusiwi bila kibali, hivyo beba mkaa wako.

4. *Mtafute nahodha.* Usikodi mtumbwi mtupu. Mkodi mwenye mtumbwi au boti pamoja na ujuzi wake wote: anajua mkondo unapopita, mchanga ulipojikusanya, na hori gani hukauka mapema. Mtumie mtu wa hapo akutambulishe, umwamkie kwa heshima, kisha mwambie waziwazi: «Shikamoo mzee. Tuko watano, watatu hawajui kuogelea, tunataka kutega kaa na kuvua kwa mshipi.» Jibu lake kuhusu hao watatu litakueleza mengi. Akicheka na kusema hakuna shida, uliza nahodha mwingine. Patana naye malipo, saa ya kuondoka, saa ya kurudi na nani ananunua mafuta, kabla hamjapanda. Patana pia nani mwenye kaa watakaopatikana. Jambo hili lisiposemwa mapema huleta maneno pwani mbele ya watu. Na ikiwa nahodha atagusia baruti au sumu ya kulevya samaki, hata kwa mzaha, achana naye. Ni makosa kisheria, na abiria wa chombo hicho hatatoka salama kwa kusema hakujua.

5. *Kubalianeni wenyewe kwa wenyewe.* Kundi la watu wanne au watano linatosha mtumbwi mmoja mkubwa. Taja mapema kwamba nahodha akisema turudi, mnarudi. Waulize rafiki zako pia kama wanakula kaa, maana katika pwani yetu wapo wasiomla kwa sababu za dini, na si adabu kumpikia mtu sufuria moja na asichokila. Mwachie mtu mmoja aliyebaki mjini jina la nahodha, mahali mnapokwenda na saa ya kurudi.

6. *Andaa zana usiku uliotangulia.* Funga chambo ndani ya dema kwa waya au kwenye kifuko cha wavu, katikati kabisa. Chambo kilichowekwa ovyo kaa hukinyofoa kutoka nje ya dema bila kuingia. Vichwa vya samaki wabichi na mabaki ya samaki wenye mafuta ndivyo vinavyovuta zaidi. Utumbo wa kuku unafaa ukikosa samaki. Kisha pima kamba ya boya. Hapa ndipo wanaoanza hupoteza madema yao: wanatega maji yakiwa machache, wanafunga kamba inayolingana na kina wanachokiona, maji yanajaa, na boya linazama likiwa limefungwa vizuri kabisa. Kamba iwe ndefu kuliko kina cha maji yatakapojaa, na izidi tena kwa mita mbili hivi kwa ajili ya nguvu ya mkondo. Andika alama yako kwenye kila dumu.

   Kwa upande wa mishipi, ile ya unene wa milimita 0.5 hadi 0.7 inatosha kwa samaki wengi wa horini. Kwa ndoana za kawaida, namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo, kwa hiyo muuzaji mweleze samaki unayemtaka badala ya kusema «nipe kubwa». Chaa ana mdomo mdogo na anahitaji ndoana ndogo. Chewa na kolekole wanahitaji imara zaidi.

7. *Tega maji yanapoanza kupanda.* Ondokeni maji yakiwa yamekauka au ndiyo kwanza yanaanza kurudi, kwa sababu wakati huo kingo zote ziko wazi na unaona mashimo ya kaa, mizizi na vijifereji vinavyoingia ndani ya mikoko. Kaa koko hupanda na maji kwenda kula ndani ya mikoko, na vijifereji hivyo ndiyo njia zake. Weka dema pembeni mwa mdomo wa kijifereji, likae sawasawa chini, lisiyumbe. Acha nafasi ya mita 30 au zaidi kati ya dema na dema. Usitege katikati ya mkondo ambako vyombo hupita, na ukikuta boya la mtu, pita mbali. Mtego wa mwenzako hauinuliwi hata kwa kuangalia tu.

   Wenyeji humtoa kaa shimoni kwa fimbo yenye ncha ya chuma iliyopindwa. Ni kazi nzuri kuitazama, lakini usiifanye siku ya kwanza, na usiingize mkono katika shimo lolote.

8. *Vua kwa mshipi wakati mnasubiri.* Tieni nanga kwenye kingo za mkondo mkuu, mtumie chambo cha kamba wa baharini au ngisi, na mshushe mshipi hadi chubwi liguse chini, kisha mwinue kidogo. Hapo utapata chaa, changu, hongwe na mara nyingine chewa mdogo. Hongwe ana miiba mitatu mikali, mmoja mgongoni na mmoja kila upande wa kifua, na jeraha lake huuma sana. Mshike kwa koleo na kitambaa, au kata mshipi. Samaki anayejijaza upepo akawa kama mpira ni bunju. Ana sumu ambayo haiishi kwa kupikwa. Mrudishe majini, na asimlishe mtu paka wake. Maji yakishajaa na kuanza kutoka, hamieni kwenye mdomo wa hori, kwa sababu samaki wakubwa husubiri hapo vidagaa na kamba wanaoteremka na maji.

9. *Inua madema na umfunge kaa.* Yaangalie kila baada ya dakika 40 au saa moja. Pete za wavu ziangaliwe mapema zaidi, kwa kuwa kaa akimaliza kula huondoka. Vuta kamba kwa mkono mmoja baada ya mwingine bila kusita, maana ukisita pete hulegea na kaa hutoka. Mwage kaa ndani ya ndoo, kamwe si kwenye sakafu ya mtumbwi kati ya miguu ya watu.

   Kumfunga, mlaze juu ya ubao akiwa ameelekeza tumbo chini na mgongo wake umebanwa kwa kijiti kipana au kwa soli ya raba, bila kumponda. Mfungaji akae nyuma ya kaa, mahali ambapo magando hayafiki. Pitisha kamba mbele ya mwili, kati ya magando na macho, ivute hadi gando moja lijikunje na kulalia kifua, lizungushe mara mbili, fanya vivyo hivyo kwa la pili, kisha pishanisha kamba juu ya mgongo na uifunge nyuma. Mara ya kwanza mwachie nahodha afunge wewe ukitazama. Kaa aliyefungwa awekwe ndani ya gunia lililoloweshwa maji ya chumvi, kivulini. Kumtumbukiza katika ndoo ya maji yaliyotuama ni kumuua, kwa sababu hewa iliyo ndani ya maji hayo huisha upesi. Gunia bichi humtunza vizuri zaidi.

10. *Chagua wa kubaki na wa kurudi.* Mgeuze kaa. Dume ana kifuniko chembamba chenye ncha tumboni. Jike aliyekomaa ana kipana cha mviringo. Jike mwenye mayai arudishwe mara moja. Jike aliyekomaa hutoka horini kwenda baharini kutaga, hivyo kila unayemwacha ana safari mbele yake. Wadogo pia warudishwe. Kama gamba la mgongo ni dogo kuliko kiganja kilichokunjuliwa, hakuna nyama ya kugombania. Kisha bonyeza kwa kidole gumba gamba la chini, karibu na mzizi wa miguu. Likibonyea, kaa huyo amejivua gamba karibuni na ndani amejaa maji tu. Mwache, hata awe mkubwa namna gani. Wanaonunua kaa sokoni hulijua jambo hili kuliko wavuvi wengi wa Jumamosi.

11. *Tokeni mapema.* Maji yakijaa saa 7 mchana, anzeni kukusanya madema yote saa 8 na kuwa nje ya hori kabla ya saa 9 na nusu. Hesabuni madema. Lililosahauliwa huendelea kukamata na kuua viumbe visivyo na mwenyewe.

12. *Pika.* Mweke kaa kwenye barafu hadi atulie kabisa, ndipo umuue kwa ncha ya kisu chini ya kifuniko cha tumbo. Kaa aliyekufa zamani bila barafu hafai kuliwa, kwa kuwa nyama yake huharibika haraka. Msugue kwa brashi, mchemshe dakika 15 hadi 20 kwa ukubwa wa kawaida, fungua gamba, na uondoe vile vitu vya kijivu vilaini vilivyo pembeni, ambavyo ni mashavu yake ya kupumulia. Baada ya hapo tui la nazi, ndimu na pilipili viko juu yako.

Mambo yakienda mrama

*Chambo kimeisha na dema ni tupu.* Chambo kimefungwa karibu na ukuta, au mmekawia kuangalia. Kifunge katikati na mfupishe muda.

*Chambo hakijaguswa.* Hamisha dema. Ukikuta hivyo katika madema yote, ama maji yamepoa kwa mvua, ama mko mbali na mikoko, ama chambo kimeoza. Kaa hupenda kilicho kibichi kuliko inavyosemwa.

*Kaa amemng'ang'ania mtu.* Asimvute, kwa sababu kaa hukaza zaidi. Ingizeni mkono pamoja na kaa ndani ya maji na mtulie. Mara nyingi huachia akidhani amepata njia. Asipoachia, livunjeni gando kwenye kiungo chake na kulifungua kwa koleo.

*Mtu amechomwa na taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) au hongwe.* Hapa ndipo chupa ya chai inapotumika. Safisha jeraha, kisha liloweshe katika maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua, karibu nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Yapime kwanza kwa mkono wa mtu mwingine, kwa kuwa aliyechomwa hawezi kupima kwa mguu wenye maumivu. Anzeni kurudi wakati huohuo na mmpeleke Hospitali ya Sokoine, au Ligula kama mko Mtwara, hata maumivu yakipungua, kwa ajili ya kuangalia kipande cha mwiba na chanjo ya pepopunda. Ili kujikinga, anayetembea ndani ya maji asipige hatua za kuinua mguu. Aburuze nyayo ili taa ashtuke na kuondoka.

*Ndoana imeingia mwilini hadi kijino chake kikazama.* Usiivute kurudi nyuma. Kata mshipi, funga kitambaa, nenda zahanati.

*Mguu umezama kwenye tope.* Usivute kwa nguvu mguu mmoja, maana mwingine utazama zaidi. Inama, egemea kwa magoti au kifua juu ya kafi au ubao, tikisa mguu polepole hadi maji yaingie pembeni yake, kisha utoe.

*Mtumbwi umekwama na maji yanatoka.* Mkiwahi katika dakika za mwanzo, wote washukie upande wenye kina na kusukuma kurudi kule mlikotoka, si mbele. Dakika kumi zikipita bila kufanikiwa, acheni. Kaeni ndani ya chombo, mvae jaketi, mpige simu mjini kueleza mlipo, mgawane maji ya kunywa, mjipake dawa ya mbu jua linapoinama, na msubiri maji ya usiku. Asitoke mtu kwenda kutafuta njia ndani ya mikoko, kwa sababu humo kila mti hufanana na mwingine, na maji yatakaporudi yatamkuta huko.